Gitare iliyongoja: wamama watatu wa Marekani na nyimbo zao

Karibu kila mmoja wetu anamjua mama wa namna hii: alipokuwa msichana aliimba sana, kwaya yote ilimtegemea, kisha akaolewa, akazaa, akaanza kuuza sokoni, na ile sauti ikabaki ya kubembelezea mtoto tu. Ukimuuliza anacheka, anasema hayo ni mambo ya zamani.

Juma hili tunawaletea habari za wamama watatu wa Marekani ambao muziki wao ulikaa kando vile vile, miaka na miaka, kwa sababu ya watoto, ya mshahara, ya kanisa, au ya watu waliowafungia mlango. Wote watatu ni weusi, wote wa majimbo ya kusini, na wote walipiga au waliimba muziki wa vijijini wa kule. Redio zetu haziwapigi. Hata kwao, ukitaja muziki huo, watu wanafikiria kwanza mwanaume mweupe mwenye kofia kubwa. Wanasahau kwamba banjo, chombo kinacholia sana katika nyimbo hizo, asili yake ni vyombo vya Afrika ya Magharibi, na kilifika Marekani pamoja na watu waliouzwa utumwani.

Mama Elizabeth, mtumishi wa nyumba

Elizabeth Cotten alizaliwa mwaka 1893 karibu na mji wa Chapel Hill, jimbo la North Carolina. Nyumbani walimwita kwa majina ya utani tu. Siku ya kwanza shuleni mwalimu akamuuliza jina lake, naye akajichagulia mwenyewe: Elizabeth. Mtoto mdogo kabisa, na tayari alijua kwamba mtu anahitaji jina lake la kuandikwa. Mtaona mbele kwa nini ninalikumbusha.

Kaka yake alikuwa na banjo. Kaka akitoka kwenda kazini, msichana anaichukua kwa siri. Sasa, Elizabeth alitumia mkono wa kushoto, na banjo ilikuwa imefungwa nyuzi za mtu wa mkono wa kuume. Hakuweza kubadilisha nyuzi za kitu kisicho chake. Akaigeuza tu chini juu, akaipiga hivyo. Baadaye alipopata gitare akaendelea vile vile, na hapo ndipo siri ya muziki wake ilipo. Wapigaji wengi wanatumia kidole gumba kwa sauti nzito za chini, na vidole vingine kwa wimbo wenyewe. Yeye alifanya kinyume: vidole vilibeba sauti nzito, gumba likaimba. Hakuna aliyemfundisha. Leo wapigaji wa gitare wanaiita namna hiyo kwa jina lake, na wengi wanasumbuka kuiiga kwa sababu gitare yao imekaa sawasawa.

Hakusoma sana. Akiwa bado mtoto aliacha shule akaanza kazi katika nyumba za weupe: kufagia, kupika, kulea watoto wa wengine. Alilipwa senti 75 kwa mwezi. Gitare aliyoitamani dukani ilikuwa dola 3 na senti 75. Fanyeni hesabu wenyewe, wamama: ni mshahara wa miezi mitano bila kula hata senti moja. Aliinunua. Na akiwa na miaka kama 11 au 12 hivi alitunga wimbo juu ya gari-moshi la mizigo, kwa sababu reli ilipita karibu na kwao na usiku alikuwa akilisikia. Wimbo huo unaitwa "Freight Train". Shikeni jina hilo.

Mwaka 1910, akiwa na miaka 17, aliolewa, na akazaa binti mmoja. Watu wa kanisa wakamwambia kwamba nyimbo zile ni za dunia, si za Mungu, achague. Alichagua kanisa. Gitare akaiweka. Si kwa uchungu, kwa kadiri tunavyosoma. Aliiacha kama tunavyoacha vitu vingi tukiingia katika ndoa, taratibu, mpaka siku moja mikono haikumbuki tena. Ilipita zaidi ya miaka 20. Alifanya kazi za nyumba, akahama hapa na pale, akaachana na mume, mwishowe akakaa Washington kwa binti yake.

Mambo yalibadilika ndani ya duka. Mama Elizabeth, sasa mama mwenye umri wa miaka zaidi ya 50, alikuwa akiuza madoli katika duka kubwa la Washington. Msichana mdogo akapotea mle ndani, analia. Akamshika mkono, akamtuliza, akamrudisha kwa mama yake. Mama huyo alikuwa Ruth Crawford Seeger, mtunzi wa muziki, na mume wake Charles alikuwa mwalimu mkubwa wa mambo ya muziki. Wakampa kazi nyumbani kwao: kupika mkate, kupiga pasi, kuangalia watoto. Akaenda bila kujua kwamba ni nyumba iliyojaa gitare na banjo, na kwamba watu wale walikuwa wakikusanya nyimbo za wanakijiji kutoka kila kona ya nchi. Walikuwa wakitafuta mbali, kumbe mwenye nyimbo yuko jikoni.

Miaka ilipita kabla hajagusa chombo. Kisha siku moja Peggy, ndiye yule msichana aliyepotea dukani, akaingia akamkuta mama wa kazi ameshika gitare ya nyumba, ameigeuza chini juu, anapiga "Freight Train". Peggy na kaka yake Mike hawakumwacha tena. Walimwomba kila nafasi, akaanza kukumbuka kimoja kimoja. Mwishoni mwa mwaka 1957 Mike akaleta mashine ya kurekodi nyumbani kwa Mama Elizabeth, na mwaka 1958 diski yake ya kwanza ikatoka katika kampuni ya Folkways. Alikuwa na miaka 65. Mwaka 1960 alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza mbele ya watu waliolipa kumsikia. Na hakuacha kazi ya nyumba siku ile. Miaka mingine alitoka kwenye tamasha akarudi kwenye ufagio.

Wimbo ulipoibiwa

Sasa jambo ambalo kila kikundi chetu kinapaswa kulisikia vizuri. Peggy Seeger alipokwenda Uingereza katika miaka ya 1950, aliimba "Freight Train" kule kama wimbo wa mama aliyemlea. Watu wakaupenda. Waingereza wawili wakaenda kuuandikisha kwa majina yao wenyewe, kana kwamba ni wao walioutunga. Mwaka 1957 bendi moja ya London ikauimba, ukaingia kati ya nyimbo 5 za kwanza zilizouzwa sana Uingereza. Pesa zilipita. Mtunzi, wakati huo, alikuwa Washington akipiga pasi mashati ya watu.

Familia ya Seeger walisimama naye, mambo yakaenda kwa njia ya sheria, na mwishowe haki ya mtunzi ikarudishwa kwake. Lakini angalieni: alirudishiwa kwa sababu alikuwa na watu wenye elimu na majina ya kutosha kumsemea. Mama asiye na marafiki wa namna hiyo angepoteza kabisa, na wimbo wake ungeendelea kuzunguka dunia na jina la mtu mwingine. Hata hivyo, diski nyingi za zamani zilizochapwa kabla ya hapo zilibaki na majina yale ya uongo.

Tujiulize juu ya nyimbo zetu. Kila mwaka kabla ya tarehe 8 Machi, vikundi vinatunga nyimbo mpya za maandamano. Kuna wamama wana kipaji hicho, unampa habari asubuhi, jioni anakuletea wimbo na maitikio yake. Mtu anarekodi na telefone, anatuma huku na huku, baada ya miezi miwili unausikia umeimbwa kwenye mkutano mwingine, na anayepigiwa makofi ni mwingine. Sisemi tufunge nyimbo kwenye sanduku. Wimbo wa wamama ni wa kuimbwa. Lakini si vigumu kuandika katika daftari la kikundi, pale pale tunapoandika pesa za likelemba: jina la aliyetunga, tarehe, mahali, maneno yote ya wimbo, na sahihi za mashahidi wawili. Kabla ya kurekodi, mama aseme jina lake kwa sauti, ndipo aanze. Na kwa wale ambao nyimbo zao zimeanza kuuzwa au kupigwa redioni, nchi yetu ina shirika la haki za watunzi, SOCODA; mtu anaweza kwenda kuuliza masharti ya kujiandikisha. Katibu wa kikundi anaweza kumsindikiza mama asiyesoma. Daftari hilo lenye tarehe litamsaidia kuonyesha kwamba wimbo ni wake.

Mama Elizabeth yeye alivuna. Diski moja aliyoitoa katika miaka ya 1960 ina wimbo aliotunga pamoja na vitukuu wake: kila mtoto akaleta maneno yake, na anayeimba katika diski si yeye, ni kitukuu wa miaka 12. Mwaka 1978, kwa pesa za muziki, aliihamisha familia yake kwenda kukaa Syracuse, jimbo la New York. Mwaka 1985, akiwa na miaka 92, alipewa tuzo ya Grammy. Alikufa tarehe 29 Juni 1987, na alikuwa bado akipiga karibu na mwisho.

Kama ndugu wa Likasi

Msomaji wa Katanga akisikiliza gitare ya Mama Elizabeth, kitu kitamgusa sikio. Ni kama mzee wa kwetu. Jean Bosco Mwenda, aliyezaliwa mwaka 1930, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na wimbo wake "Masanga" ukasikika mbali sana. Mwenda alitumia vidole viwili, gumba na cha pili: kimoja kinashika mwendo chini, kingine kinaimba juu, na mtu anayesikiliza bila kuona angeapa kwamba wapigaji ni wawili. Hakuna aliyemfundisha mwenzake. Mtu mwenye gitare moja tu na bila bendi, awe Likasi au Chapel Hill, analazimika kufanya vidole vyake viwe watu wengi.

Na walipita kwenye jukwaa moja, ingawa si mwaka mmoja. Mama Elizabeth alipiga katika tamasha la Newport, Marekani, mwaka 1964. Mwenda wetu alipiga hapo hapo mwaka 1969. Alikufa mwaka 1990 katika aksida ya gari kule Zambia.

Lakini tukitaja wapigaji wa gitare ya Katanga ya wakati ule, tunataja Mwenda, Edouard Masengo, Losta Abelo. Wanaume. Wamama waliimba wapi? Kwenye arusi, kwenye matanga, kanisani, shambani, mahali ambapo hakuna aliyefikiria kupeleka mashine ya kurekodi. Kama nyanya yako bado yuko na anazijua nyimbo hizo, telefone unayo.

Mama Etta wa kiwandani

Etta Baker hakuwa mtu wa kujionyesha, na habari yake ni ya kimya zaidi, lakini mimi ndiye ninayempenda kuliko wote. Alizaliwa mwaka 1913 katika milima ya North Carolina, katika nyumba ambayo kila mtu alipiga chombo. Baba yake, Boone Reid, alimwanzishia gitare akiwa na miaka 3. Alikuwa mdogo hivi kwamba gitare ilimshinda kushika, akailaza. Aliolewa, akazaa watoto 9, akafanya kazi katika kiwanda cha nguo katika mji wa Morganton. Muziki ulikuwa wa jioni, baada ya sahani kuoshwa.

Mwaka 1956 yeye na baba yake walikuwa wakitembelea bustani moja ya milimani, wakamkuta kijana mmoja mkusanyaji wa nyimbo, Paul Clayton. Baba akamwomba kijana asikilize binti yake. Kijana akasikia, na siku iliyofuata akafika nyumbani kwao na mashine. Diski iliyotoka ilizunguka kwa vijana wapigaji wa mijini. Wakakaa nayo usiku kucha wakitafuta vidole vyake viko wapi. Mwanamuziki Taj Mahal, ambaye leo anajulikana dunia nzima, ni mmoja wa waliojifunza kwake kwa kusikiliza tu.

Yeye akarudi kiwandani. Mume hakupenda aende mbali kupiga, na watoto 9 wanataka kula. Mwaka 1967 ukawa mwaka mbaya: mume alikufa, na mwaka huo huo mtoto wake mmoja aliuawa katika vita vya Vietnam. Wamama wa upande wetu hawahitaji kuelezwa jambo hilo. Gitare ikanyamaza kwa muda.

Halafu, akiwa na miaka 60, baada ya miaka 26 kiwandani, aliacha kazi. Watoto walikuwa wakubwa. Akaanza kwenda kupiga kwenye matamasha, ndani na nje ya Marekani. Mwaka 1991 akatoa diski iliyo yake peke yake, ya kwanza, na mwaka huo serikali ya Marekani ikampa heshima kubwa inayopewa wasanii wa asili. Mwaka 2004 akatoa diski pamoja na Taj Mahal, yule yule aliyejifunza kwake. Alikuwa na miaka 91. Alikufa mwezi wa Septemba 2006, mbali na kwake, katika jimbo la Virginia, kwa sababu alikuwa amekwenda kumwona binti yake mgonjwa. Mpaka mwisho alikuwa mama njiani kwenda kwa mtoto.

Linda na mlango uliofungwa

Wa tatu bado yu hai wakati tunapoandika. Linda Martell alizaliwa mwaka 1941 Leesville, South Carolina, akaanza kuimba kanisani na pamoja na ndugu zake. Mwaka 1969 kampuni moja ya Nashville, mji mkuu wa muziki wa kantri, ikamchukua. Kampuni iliitwa Plantation. Kwa mtu ambaye wazee wake walitumikishwa katika mashamba ya pamba, jina hilo halikumfurahisha, naye alilisema wazi. Hata hivyo aliingia. Wimbo wake wa kwanza, juu ya mwanaume anayelea watoto asiowazaa na kuwapenda kama wake, ulifika nafasi ya 22 katika orodha ya kantri. Mwaka huo huo akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuimba peke yake katika Grand Ole Opry, jukwaa ambalo kila mwimbaji wa kantri analitamani. Kwa jumla aliimba hapo mara 12. Diski yake, "Color Me Country", ilitoka mwaka 1970, na ilirekodiwa kwa siku moja.

Watu kwenye kumbi walimtukana kwa rangi yake, wakati mwingine akiwa katikati ya wimbo. Alijifunza kuendelea kuimba. Kilichomshinda ni kitu kingine: kampuni ikaelekeza nguvu zake kwa mwimbaji mwingine, naye alipojaribu kwenda kampuni nyingine, akaelezea baadaye kwamba alizuiliwa kwa sababu ya mkataba. Diski moja, basi. Aliimba huku na kule miaka mingine, kisha akarudi South Carolina, akalea watoto wake, akaendesha basi la wanafunzi. Watoto wale wa shule walipanda basi kila asubuhi bila kujua nani anashika usukani.

Mikataba, wamama, isomwe kabla ya kutiwa sahihi, na isomwe na mtu wa pili. Avoka akiwezekana. Hili ni kwa wenye kuimba, na pia kwa wenye kuuza kahawa, kukodi nyumba ya duka, au kuchukua mkopo kwa kikundi.

Miaka ikapita zaidi ya 50. Mjukuu wake akaanza kutengeneza filamu juu ya nyanya yake, akiomba msaada wa watu kwa kidogo kidogo. Waandishi wakaanza kuja mlangoni. Mwaka 2024 Beyoncé alitoa diski ya nyimbo zenye mizizi ya kantri, "Cowboy Carter", na ndani yake mkawekwa sauti ya Linda Martell mwenyewe, akizungumza. Kwa ajili ya kazi hiyo jina lake likaingia kati ya waliopendekezwa kupata Grammy, kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka 83. Hakuipata ile. Lakini mwezi wa Februari 2025, Beyoncé alipoitwa kupokea tuzo ya diski bora ya mwaka, alisimama mbele ya watu wote akasema anaitoa kwa Bi Martell, na diski ile ya 1970, iliyorekodiwa kwa siku moja, ikaanza kutafutwa tena.